Mguu wa Saturnini na Taa ya Njano

Watu wa Nachingwea wakiniona nimeegesha gari mbele ya ofisi, shati limepigwa pasi, husema, "Amri huyo, dereva wa kudumu." Wanasema kwa heshima kabisa. Na mimi nawapungia mkono kama mtu aliyepata alichostahili. Sasa nitawaambia nilivyokipata, na anayetaka kucheka acheke. Walioanza kucheka walikuwa wengi, na mimi nilikuwemo.

Mwaka 2008 mradi wa visima ulinichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Ukipita salama, mwisho wa Juni unapewa barua ya ajira. Usipopita, unarudi kwenu Ruangwa ukavune ufuta wa mama yako. Ndivyo alivyoniambia Mama Scholastika, mkuu wa mradi, siku ya kwanza, bila hata kunikaribisha kiti. Alikuwa mtu wa Mnero, mwembamba, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, na sharti lake lilikuwa moja tu: gari halitoki na taa imewaka kwenye dashibodi. Dereva aliyenitangulia aliendesha wiki nzima taa ya oili inawaka, injini ikaungua, na mradi ukakaa miezi minne unakagua visima kwa baiskeli. Tangu hapo taa ikiwaka Mama haulizi ni taa gani. Anauliza dereva ni nani.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani, mtumba, ila lilikuja na maringo ya kwao. Mlango ukiwa wazi linalia. Usipofunga mkanda linalia. Na lilikuwa na taa moja ndogo ya njano yenye umbo la tairi lililokatwa, katikati alama ya mshangao. Hiyo sikuwahi kuiona imewaka safarini, nikadhani ni pambo.

Matairi ya mji huu karibu yote yalipita kwa Saturnini, fundi pancha mwenye kibanda jirani na stendi. Geji ya kupimia upepo alikuwa nayo, lakini mshale wake uliganda miaka mingi iliyopita na yeye akaitundika ukutani. Alipima kwa mguu. Anajaza, anazima kompresa, analipiga tairi teke moja la kisigino, anainamisha kichwa kusikiliza, kisha anasema "Bado" au anasema "Tosha". Madereva wa malori ya ufuta na korosho walikuwa wanalisubiri hilo neno "Tosha" ndipo wawashe. Lori linafika Mtwara na mzigo wake, halina shida. Hakuna aliyewahi kumuuliza namba.

Yeye Mmakonde, mimi Mmwera. Watani, basi. Na mtani haamkiwi jamani, mtani anatukanwa. Mimi nikifika kibandani nasema, "Mmakonde, toka huko chini ya gari, watu watadhani umegongwa, wafurahi bure." Yeye anajibu bila kuinua kichwa, "Ni nani huyo ananuka mashudu ya ufuta? Ah, Mmwera. Nani kampa mtu huyu gari, hakuna punda?" Alinizidi miaka kumi na mbili, lakini kwenye utani umri hauhesabiwi. Siku niliyopita bila kumtukana alituma mtu ofisini kuuliza kama naumwa.

Na msidhani utani ni maneno tu. Baba yangu alipofariki, Saturnini alikuja Ruangwa na lori la kwanza la asubuhi. Watu wanalia, yeye akaingia ndani, akatoka amevaa koti la marehemu na kofia yake, akatembea uani akichechemea vilevile kama baba, akafoka kwa sauti ya baba, "Nyie wanawake, kelele zote hizi, chai yangu iko wapi?" Mama yangu alikuwa hajasema neno tangu jana yake. Alicheka mpaka akashika ukuta, na baada ya kucheka ndipo akaweza kulia. Halafu tulipobeba jeneza, Saturnini akalala njiani, akagoma kunyanyuka mpaka apewe jogoo. Tukampa jogoo mgonjwa kuliko wote, tukamwambia mmefanana. Nilimpenda sana siku ile, na sikumwambia, maana mtani haambiwi vitu kama hivyo.

Turudi kwenye gari. Wiki ya pili ya Juni nilipeleka mabomba Kilimarondo, peke yangu. Njia ya kule ina mchanga, na kila dereva anayejua kazi hupunguza upepo wa matairi ili yasizame. Nami nikapunguza. Nikashusha mabomba, nikaanza kurudi, tairi la mbele kushoto likapata pancha, nikabadilisha kwa spea. Kufika karibu na mji, ile taa niliyoiita pambo ikawaka.

Simu ikaita palepale, Mama Scholastika. "Uko wapi? Gari zima?" Sijui kwa nini nilisema kweli. Nikamwambia kuna taa imewaka, ya matairi nadhani. Akasema, "Saa nane nakwenda Mtua. Saa nane kasoro tano nataka gari mlangoni bila taa. La sivyo lete na funguo."

Nilifika kwa Saturnini saa saba. Akaziba pancha, akalirudisha tairi mahali pake, akajaza yote manne, akapiga teke moja moja. Tosha, tosha, tosha. Kwenye lile la mbele kushoto akasita kidogo, akapiga tena, akasema tosha. Nikawasha gari. Taa ile ile, njano, inanikodolea.

"Mmakonde, umenifanyia nini?"

"Mimi nimekujazia upepo. Hiyo taa ni mambo yenu na Wajapani."

Nikainama chini ya usukani kutafuta waya wa kung'oa, nikakuta kitufe kidogo, kina mchoro uleule wa tairi na alama ya mshangao. Nikapiga ukelele wa furaha. Saturnini akachungulia, akanishika mkono.

"Subiri. Hicho nakijua. Kuna dereva wa Mtwara alikuja na gari la namna hii, akanieleza. Hicho si cha kuzima taa. Ukikibonyeza unaliambia gari kwamba upepo uliopo sasa ndio sahihi, liukumbuke, na ukibadilika ndipo lipige kelele. Mimi nimejaza kwa mguu, na mguu wangu umezoea malori. Kigari hiki sina hakika nacho, hasa lile la mbele kushoto. Kapime kwanza kwenye geji nzima, ujaze kama ilivyoandikwa mlangoni, halafu ubonyeze. Ukibonyeza sasa utalifundisha uongo."

Niliyasikia yote hayo. Neno kwa neno, na mnaona nayakumbuka. Lakini aliyeyasema ni mtani wangu, na kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kuniambia jambo la maana na uso mkavu bila kicheko kufuata. Nikasubiri kicheko, hakikuja, nikaona leo utani wake umeiva kweli.

"Gari lifundishwe uongo!" nikasema. "Lina masikio? Limesoma shule gani? Na tangu lini Mmakonde akaukana mguu wake?"

"Amri, safari hii sitanii."

"Ndivyo mnavyosema mkitania."

Saa nane kasoro robo. Nikabonyeza, nikashikilia. Taa ikapepesa mara tatu, ikazimika. Nilimwimbia Saturnini pale, nikamchezea kabisa na kiuno, na yeye mwishowe akacheka, akasema, "Haya, mwalimu wa magari. Ukifika Mtua lipe na mtihani." Nikamwapisha asimwambie mtu habari ya kitufe. Akaapa.

Kwa nini nimwapishe? Kwa sababu nilishaona nitakachomwambia Mama. Nilimwambia, "Waya ulikuwa umelegea, Mama, nimeukaza mwenyewe." Akavaa miwani, akatazama dashibodi, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza akasema "Vizuri." Jioni nikabandika utepe mweusi wa umeme juu ya kitufe kisionekane. Nikawa fundi umeme. Wenzangu wa ofisi nyingine wakaanza kuniletea magari yao niwatazamie taa, nami nayatazama, nakunja uso, nasema waya.

Wiki mbili zikapita, taa imelala kimya kama mtoto aliyeshiba. Tarehe ishirini na sita Saturnini akaniita kibandani. Alikuwa ameagiza geji mpya kutoka Mtwara, kioo kinang'aa, mshale unacheza. Aliishika kwa mikono miwili.

"Nimeinunua kwa ajili ya kile kigari chako," akasema. "Silali vizuri. Lete nikipime."

Akapima. Matatu yalikuwa karibu na thelathini. Lile la mbele kushoto, ishirini na mbili. Mwingine angeficha. Yeye alijipiga paja akacheka mpaka machozi. "Miaka kumi na tisa, Mmwera! Miaka kumi na tisa mguu huu unasema tosha, tosha! Sijui nimewadanganya wangapi." Akajaza yote manne sawasawa na namba ya mlangoni, akarudia kupima, akafuta mikono. "Sasa bandua utepe wako, bonyeza, lijifunze upya. La sivyo litaona mabadiliko, litapiga kelele."

Nami nikamjibu, na jibu hili nimelitafuna kila siku tangu hapo: "Wiki mbili zilizopita kitufe hiki ulinikataza nisikibonyeze, leo unaniambia nikibonyeze. Mmakonde, hata kitufe kimoja huna msimamo nacho?" Nikapanda gari, nikaondoka nacheka. Taa imezimika, nikaiamshe ya nini?

Kesho yake nilimpakia Mama Scholastika kwenda Ruangwa kwenye mkutano. Barua yangu ya ajira ilikuwa kwenye mkoba wake, haijatiwa sahihi, niliiona akitafuta kalamu. Tulikuwa tumekwenda kama nusu saa, anazungumza nami vizuri kabisa, ananiuliza habari za mama yangu, taa ikawaka.

"Simamisha," akasema.

Nikasimamisha. Vumbi letu likatupita.

"Nani amelishika gari hili?"

Kitufe kilikuwa shubiri moja kutoka kwenye goti langu. Ningekibonyeza mbele yake angeuliza ni nini hicho, na kwa nini kimefunikwa, na ule waya uko wapi. Nikasema, "Saturnini, Mama. Jana. Amejaza upepo na geji mpya." Kila neno lilikuwa kweli. Sijawahi kusema uongo mbaya kuliko ule.

"Geuza," akasema Mama.

Stendi ilikuwa imejaa, malori ya ufuta yamepanga foleni kwa Saturnini. Mama akashuka kabla sijavuta breki ya mkono.

"Fundi! Gari hili lilikuwa zima wiki mbili. Jana umelishika, leo taa imewaka. Umelifanya nini?"

Saturnini akainuka na geji mkononi. "Nimelijaza kama lilivyoandikwa mlangoni, Mama. Njoo upime mwenyewe."

"Nipime nini na taa ninaiona?"

Hapo madereva wakaanza. Jumanne, wa lori kubwa la ufuta, mteja wake wa miaka yote, ndiye aliyeanza: "Mimi nilisema! Tangu anunue hicho kidude hasikilizi tena tairi. Saturnini, langu usiliguse, natoka hivihivi." Mwingine akasema mkono umeharibika. Mwingine akasema ni uzee. Injini ya Jumanne ikawashwa kweli, na ya nyuma yake ikafuata. Mama akasema kuanzia leo matairi ya mradi yatatengenezwa Ruangwa, na atawaeleza wenzake wa ofisi zote waujue ufundi wa hapa ulivyo. Jina alilolijenga miaka kumi na tisa, teke kwa teke, lilikuwa linaondoka mbele ya macho yake. Na siku hiyo ndiyo alikuwa amefanya kazi sahihi kuliko siku zote.

Hakujitetea tena. Alinigeukia mimi. "Mtani," akasema taratibu. "Sema."

Wallahi nilisema. Msinione mtu mbaya kiasi hicho. Moyo ulinipasuka nikasema kwa sauti kubwa, "Mama, fundi hana kosa. Ni mimi! Mimi ndiye niliyelifundisha gari uongo. Saturnini amelijaza sawa, gari ndilo limezoea vibaya, nililifundisha mimi!"

Jumanne, juu kwenye lori lake, akaangua kicheko. "Sikieni! Mmwera anamtetea Mmakonde! Eti gari limefundishwa!" Stendi nzima ikalipuka. Watu wakapigana viganja. Hata Mama Scholastika, ambaye sijawahi kuyaona meno yake, akaziba mdomo na mkoba, mabega yanatikisika. "Amri," akasema, "acheni utani wenu, tuko kazini."

Sasa hapa ndipo ilipokuwa kazi yangu. Kitufe kipo pale. Kubandua utepe ni sekunde moja. Kusema "Sitanii, Mama, njoo uone" ni maneno manne au matano. Saturnini alikuwa ananitazama. Nami nikauona mkoba wa Mama, na barua ndani yake, na nikasikia kicheko kile kimenizunguka, kizuri, kinanisamehe bila kuniuliza kosa.

Nikacheka na mimi.

Saturnini hakucheka. Alinitazama kidogo tu, kisha akaiweka geji juu ya ndoo, akapiga goti kwenye tairi la mbele kushoto, akaufungua upepo. Ukatoka psss, muda mrefu. Akainuka, akapiga teke la kisigino, akainamisha kichwa. "Bado." Akatoa tena. Akapiga. "Tosha." Angeweza kufungua mlango akaonyesha kitufe, akalinda jina lake na mimi nikarudi kwenye ufuta. Lakini alikuwa ameapa.

"Lizungushe," akaniambia.

Nikalizungusha mpaka uwanja wa ndege na kurudi. Njiani taa ikazimika, maana gari lilikuwa limerudishiwa uongo wake. Niliporudi na dashibodi nyeusi watu walipiga makofi. Jumanne akazima injini, akashuka, akarudi kwenye foleni. "Mguu umerudi!" wakapiga kelele. Mama akamwambia, "Unaona, fundi? Ufundi unao, unajisahau tu. Tupa hicho kidude." Saturnini akasema, "Ndiyo, Mama."

Tarehe thelathini nikapewa barua. Nikakimbia nayo kibandani, nikasimama mlangoni, nikasema kwa nguvu zangu zote, "Mmakonde! Amka umsalimie mkubwa wako, umewahi kuona karatasi kama hii au unajua za kufungia samaki tu?"

Akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akanipa mkono wa kulia. "Hongera, Bwana Amri," akasema. Kisha akaingia ndani, akatoka na ile geji imefungwa kwenye kitambaa safi. "Chukua. Mimi wateja wangu hawaitaki. Kwako itafaa."

Jioni ile ile nilijaza tairi sawasawa, nikabandua utepe, nikabonyeza. Taa ikapepesa mara tatu, ikazimika. Gari lilinisamehe kwa sekunde tatu, na toka siku hiyo taa haijawahi kuwaka bila sababu.

Nimejaribu kusema. Nimesimama stendi mara mbili nikaeleza habari yote, na kitufe nikawaonyesha, na mara zote mbili niliodhani wamenielewa wakaishia kusema, "Mmwera una maneno!" Kwa Saturnini naenda kila wiki na tusi jipya, na ninayatafuta kweli, mengine nayatunga usiku. Ananisikiliza mpaka mwisho. Anasema, "Karibu, Bwana Amri. Matairi mangapi?" Na anapiga teke.

Mwaka uliofuata mama yangu akafariki. Nilikaa kwenye mkeka Ruangwa, sijalia, macho yako barabarani kwenye lori la kwanza la asubuhi. Alishuka, amevaa shati jeupe. Kanga ya mama nilikuwa nimeiacha makusudi juu ya kamba pale uani, na fimbo yake nimeiegemeza mlangoni. Alizipita. Jeneza lilipotoka hakulala njiani. Alisogea pembeni, akavua kofia, tukapita bila kizuizi chochote. Wazee wakanong'onezana kwamba Mmakonde huyu ana adabu sana, hata hafanyi fujo za utani kama wengine. Kisha akapanga foleni na wageni, zamu yake ikafika, akanishika mkono.

"Pole sana, Bwana Amri," akasema, akaenda kukaa na wenzake.